Gobole la babu limeliwa na kutu ndani: lisafishwe vipi?

Swali: "Shikamoo fundi. Naandika kutoka Bombo. Babu yetu alifariki mwaka jana akatuachia bunduki ya zamani, ile ya kushindilia kwa mdomo. Kwenye mtambo kuna alama ya taji, neno TOWER na mwaka 1862, na mtutu umeshikwa na bendi tatu. Kwa nje inapendeza, lakini ndani ni kutu tupu. Nimepitisha kitambaa kikatoka chekundu na kimechanika. Jirani yetu makanika anasema tumimine maji ya betri yalale usiku mmoja, halafu tuzungushe msasa kwa drili. Mjomba naye anataka ipigwe hewani kwenye harusi ya dada mwezi wa Desemba, kwa baruti atakayoitoa kwenye risasi za shotigani. Je, mtutu huu unaweza kurudi hali yake?"

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Maji ya betri yasiuguse mtutu huo. Baruti ya shotigani isiingie humo Desemba hii wala Desemba nyingine yoyote. Hayo mawili hayana mjadala, na sababu zake zinakuja. Ama kuhusu swali lako lenyewe, kutu itatoka karibu yote, lakini chuma ambacho kutu imeshakila hakirudi. Kazi yako ni kuisimamisha kutu na kukilinda chuma kilichobaki, bila kukipunguza zaidi. Anayekuahidi mtutu unaong'aa kama kioo anakuahidi mtutu mwembamba.

Karatasi kwanza. Hukusema kama babu alikuwa na cheti. Sheria ya silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na cheti ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na kabati na shamba. Msijifariji kwamba kitu cha 1862 ni pambo tu. Nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kisha kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, mweleze mlivyolikuta na mnataka kulifanyia nini. Mpaka mpewe jibu, gobole lifungiwe ndani, na lisipandishwe boda kupelekwa kwa fundi wa mtaani. Zana nitakazotaja zinapatikana Kisenyi au Katwe pale Kampala. Zifuateni zana huko. Bunduki haina safari.

Sasa jambo ambalo watu huliruka na ndilo linaloua. Gobole limeshindiliwa, au ni tupu? Magobole mengi yaliwekwa ukutani yakiwa na baruti na risasi ndani, kwa sababu njia rahisi ya kuyatoa ni kupiga, na mwenyewe hakutaka kupoteza baruti. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haichachi. Hata baada ya miaka mia inawaka. Basi tafuta ufito wa mbao unaopita ndani ya mtutu. Uingize taratibu hadi ugote, huku mdomo wa bunduki ukielekea pasipo na mtu, nawe ukiwa umesimama kando. Weka alama ya penseli pale ufito unapotokeza mdomoni, uutoe, uulaze sambamba na mtutu kwa nje, alama ikilingana na mdomo. Ncha yake inapaswa kufika karibu na usawa wa kifa, pale panapovalishwa fataki. Ikiishia vidole viwili vitatu kabla ya hapo, hesabu kwamba ndani kuna kitu. Huenda ni kiota cha nyigu, huenda ni risasi. Hapo simamisha kila kitu. Pasiwe na moto, drili wala kugongagonga. Mwambie huyo DPC akuletee fundi wa silaha wa polisi, naye ataloweka baruti kwa maji kabla ya kuvuta chochote.

Tuseme ni tupu. Kwa maelezo yako, hilo lina sura ya Enfield ya muundo wa 1853, bunduki ya jeshi la Uingereza. Ndiyo ile ambayo katriji zake za karatasi iliyopakwa mafuta zilichochea uasi wa askari wa India mwaka 1857. Mtutu wake ni wa chuma laini cha kufuliwa, urefu wake inchi 39, karibu sentimita 99, na tundu lina upana wa inchi 0.577, yaani milimita 14.7 hivi. Ndani ina mifereji mitatu inayojisokota polepole sana, mzunguko mmoja kwa inchi 78, kwa hiyo kutoka mdomoni hadi nyuma ni nusu mzunguko tu. Ishike hiyo hesabu, utaihitaji wakati wa kusugua.

Lakini neno TOWER peke yake lisikupumbaze. Bunduki nyingi za biashara zilizoletwa Afrika zilipigwa chapa hiyo hiyo, maana wanunuzi waliiamini. Mulika tochi mdomoni: ukiona mifereji mitatu, unakaribia Enfield, ukiona pamenyooka laini, kuna uwezekano mkubwa ni gobole la biashara. Hayo yalizagaa zaidi huku kwetu, na Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za mifereji katika ukanda wetu ukayaachia ya gumegume yasiyo na mifereji. Ukishatenganisha mtutu na mti unaoubeba, angalia ubavuni karibu na kifa, na chini yake, kama kuna alama ndogo za nyumba ya majaribio. Ile ya Birmingham ilianzishwa 1813, na alama yake maana yake mtutu ulijazwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ukapigwa, ukastahimili. Piga picha alama zote kabla ya kusugua chochote. Usizipitishie hata kitambaa chenye mchanga.

Kwa nini ndani kumeoza na nje ni kuzuri? Baruti nyeusi ni shura kama sehemu 75, makaa 15 na kiberiti 10, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haiwi gesi, inabaki kuwa masizi na chumvichumvi. Masizi hayo hunyonya unyevu hewani. Mbaya zaidi ni fataki za zamani, zilizokuwa na klorati: zikiungua huacha chumvi ya jamii moja na ile ya mezani. Mtu akipiga, akafuta kwa mafuta tu, akatundika, chumvi inabaki chini ya mafuta inakula chuma taratibu, hasa nyuma karibu na kifa, mahali penyewe panapobeba mshindo wote. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoyeyusha. Watu wanaogopa kutia maji ndani ya bunduki, kumbe kwa bunduki ya baruti nyeusi maji ya moto ndiyo dawa ya kwanza na ya mwisho.

Ondoa mtutu kwenye mti. Legeza skrubu za bendi na ile ya mkiani, ukitumia bisibisi inayojaa sawasawa kwenye ufa wa skrubu. Isipokubali, tonesha mafuta ya kulegezea, rudi kesho. Usipashe kwa moto wa gesi: saiti imeungwa kwa lehemu, itadondoka. Kifa nacho kikikubali kutoka kwa ufunguo wake, kitoe, kikikataa, kiache. Kizibo cha nyuma usikiguse kabisa, hata ukiona nyuzi zake. Kimekaa humo zaidi ya karne moja na nusu, na kukizungusha kwa nguvu ndiyo njia ya kupasua mtutu mzima.

Simamisha mtutu mdomo ukiwa juu, kwenye beseni, umwagie maji yanayochemka kwa birika na faneli, yatokee kwenye tundu la kifa. Yatatoka kahawia, halafu meusi, halafu meupe. Uzungushie kitambaa kinene unapoushika, maana utakuwa wa moto sana. Huo moto ni faida: unaukausha mtutu wenyewe. Kisha ziba tundu la kifa kwa kijiti cha mti mlaini, jaza ndani dizeli iliyochanganywa na mafuta ya gia ya otomatiki, uache umesimama siku kadhaa. Tundu lote la mtutu halichukui hata robo lita, kwa hiyo si gharama.

Halafu kusugua. Unahitaji fimbo ya mbao ngumu au shaba yenye mpini unaozunguka wenyewe, na brashi ya nyaya za shaba ya upana huo. Wanaouza vifaa vya shotigani wana brashi za geji 20, ambazo ni pana kidogo kuliko tundu lako. Zitabana, na kubana ndiko kunakotakiwa, ila zipite moja kwa moja hadi mwisho, usijaribu kugeuza katikati. Ulisikia nusu mzunguko: fimbo ikizunguka polepole mkononi, brashi inafuata mifereji. Fimbo isipozunguka, unakwangua juu ya kingo zake na kuzibutua. Linda pia mdomo. Fimbo ikisuguana na ukingo wa mdomo kila ukivuta, baada ya muda tundu linakuwa yai, na hapo ndipo risasi inapotokea. Kola ya mbao iliyotobolewa, ikavalishwa mdomoni, inatosha.

Baada ya hatua ya brashi, zungushia kwenye brashi iliyochakaa nyuzi za chuma zile laini kabisa, zenye alama 0000, wanazotumia mafundi wa samani kupiga polishi. Lowesha mafuta, sugua, futa kwa kitambaa cheupe, kisha tazama. Kitambaa ndicho kipimo chako. Mwanzo hutoka rangi ya matofali. Ukiendelea hutoka kahawia, kisha kijivu. Na usitazame rangi tu, sikiliza mkono: sukuma kitambaa kilichobana, polepole, na utahisi pale kinapokwaruza na pale kinapoteleza. Weka alama kwenye fimbo kila kinapokwaruza. Baada ya duru kadhaa utakuwa na ramani ya mtutu wako bila kuona ndani. Ukitaka kuona kwa macho, ile kamera nyembamba ya kuchomeka kwenye simu, ambayo mafundi wa magari wanatazamia silinda, inaingia vizuri kwenye tundu la milimita 14.

Kama baada ya hapo bado pana kutu nyekundu iliyong'ang'ania vishimoni, kuna njia tatu ninazozikubali, na moja naipenda kuliko zote kwa sababu haikwangui chochote. Chemsha mtutu. Tafuta bati refu lililokunjwa kama hori, lijaze maji safi ya mvua, uweke mtutu wote ndani usigusane na bati, uchemshe juu ya mkaa kama saa moja. Kutu nyekundu inageuka nyeusi, na nyeusi haina ukali ule. Sehemu yake inabanduka kwa nyuzi laini, sehemu inabaki vishimoni imetulia. Ukirudia mara chache, chekundu kinakwisha. Saiti haitadondoka, maana joto la maji ni dogo kuliko la kuyeyusha lehemu.

Njia ya pili ni umeme, na hapa uangalifu unahitajika. Ziba tundu la kifa kwa mpira, jaza ndani maji yenye soda ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Katikati tumbukiza nondo nyembamba ya chuma cha kawaida, iliyofungwa pete za utepe wa umeme ili isiguse ukuta. Chaja ya betri ya gari ya volti 12 ndiyo inayotumika: waya wa hasi kwenye mtutu, waya wa chanya kwenye nondo. Ukikosea hapo, mtutu ndio utakaoliwa. Povu la rangi ya chungwa litapanda na kumwagika. Mwaga, safisha nondo, jaza tena, kila baada ya saa mbili hivi. Fanyia uani, wala mtu asivute sigara karibu, kwa sababu inatoka haidrojeni. Nondo isiwe ya chuma kisichoshika kutu, maana huyeyusha sumu ndani ya maji. Povu likimwagikia nje linaweza kuondoa ile rangi ya kahawia ya zamani, kwa hiyo funga kitambaa chini ya mdomo.

Neno moja kuhusu soda. Usitumie magadi yoyote yanayouzwa sokoni kwa kupikia, hasa yale yanayotoka ziwa Katwe kule Kasese. Yamechanganyika na chumvi, na chumvi ndiyo iliyotufikisha hapa. Nunua soda safi dukani. Kwa hiyo Katwe ya Kampala nendeni, ya Kasese iacheni.

Ya tatu inawafaa walio mbali na umeme: molasi. Kule Kakira na Lugazi wafugaji wanaichukua kwa ajili ya ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, ndani ya mtutu uliozibwa, wiki moja hadi tatu, ukichungulia kila siku mbili. Inashika kutu na kuiacha sehemu kubwa ya chuma. Ubaya wake inachacha na kunuka, na ikichacha sana inageuka kuwa kali, hivyo badilisha kila ikianza kutoa povu.

Sasa maji ya betri ya jirani yako. Hiyo ni tindikali ya salfa. Haijui kutu iko wapi na chuma kiko wapi. Itakula vyote, ikianzia kwenye kingo nyembamba za mifereji, kisha itajificha kwenye uzi wa kizibo cha nyuma ambako hutaifikia kuiosha. Siki na ndimu ni afadhali kidogo, lakini nazo zinachimba ukisahau saa. Msasa kwenye drili unaharibu kwa njia nyingine: unakata duara duara, wakati mifereji imelala kwa urefu. Nimeona mitutu iliyosafishwa hivyo inang'aa ajabu, na mifereji haipo.

Kuna watu watakwambia habari ya kusaga mtutu kwa kipande cha madini ya risasi kilichomiminwa kwenye fimbo ndani ya mtutu wenyewe, kikapakwa dawa ya kusagia valvu. Ni ufundi halali, mafundi wa Uingereza na Marekani wanaufanya kwa bunduki za kulenga shabaha. Lakini unaondoa chuma na unapanua tundu. Kwa gobole la ukumbusho la Bombo sioni sababu.

Ukimaliza, mwaga tena maji ya moto, kausha, na mtutu ukiwa bado na joto pitisha kitambaa chenye mafuta safi ya cherehani. Rudi kesho yake na kitambaa cheupe, kisha kesho kutwa. Kikitoka kahawia, chumvi bado ipo: rudia maji. Usishangae, ni kawaida kwa wiki ya kwanza. Baadaye mara moja kwa mwezi inatosha, mara mbili kwenye mvua za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka. Bunduki isiwekwe kwenye ala ya ngozi wala kuvishwa mfuko wa nailoni, vyote vinashika jasho. Isimame mdomo chini juu ya kitambaa, ili mafuta yasiteremke kwenye kifa na kuozesha mti. Nje usisugue. Ile rangi ya kahawia ni ngozi yake ya miaka yote hiyo. Pangusa kwa nta kidogo, basi. Mkitaka kuona bunduki za enzi hizo zilivyotunzwa, ulizeni Makumbusho ya Uganda pale Kitante.

Tumebakiwa na mjomba. Baruti ya shotigani ni ya kisasa, isiyo na moshi. Ujazo uleule wa kikombe cha kupimia unabeba nguvu nyingi zaidi, nayo inapandisha mgandamizo ghafla kuliko chuma cha kufuliwa cha 1862 kinavyoweza kubeba hata kingekuwa kipya. Weka juu yake vishimo vya kutu pale pale kwenye kifa, umbali wa kiganja kutoka kwenye jicho la mpigaji. Mtutu ukipasuka, mkono wa kushoto ndio unaotangulia kwenda. Hata kwa baruti nyeusi halisi, hakuna kupiga mpaka fundi wa bunduki mwenye leseni apime unene wa ukuta wa mtutu nyuma na kutafuta nyufa, tena kwa ruhusa ya polisi. Kupiga hewani kwenye halaiki ya watu hakutapata ruhusa hiyo. Mwambie mjomba harusi ya Wanubi wa Bombo ina ngoma ya doluka, na akina mama wakishaanza hakuna atakayesikia mlio mwingine.

Ukishapitisha maji ya moto na duru ya kwanza ya brashi, niandikie mambo matatu: alama ulizoziona kwenye mtutu, mifereji mingapi, na ile sehemu inayokwaruza iko umbali gani kutoka nyuma. Kama ni karibu na mdomo, endelea kwa raha zako. Kama ni ndani ya sentimita 15 za nyuma, upande wa kifa, safisha kwa kuchemsha tu, uiache itundikwe.